Fungu la Basi huko Ukilini

Mdogo wangu Mwanamvua alifariki kwa saratani. Miaka thelathini alikuwa akibanika samaki kwa moshi, na mtaa mzima ulimpenda kwa samaki wake na kwa mkono wake mwepesi wa kutoa. Daktari, kijana mpole aliyekaa chini pamoja nami badala ya kuzungumza amesimama, aliniambia kwamba ugonjwa ule ulianzia mahali padogo mno, pasipoonekana kwa macho, miaka mingi kabla ya uvimbe wenyewe. Nikamwambia, "Basi mimi nataka kupaona." Alitabasamu kwa adabu. Lakini nilikwenda. Jinsi nilivyofika haina haja ya kusimuliwa. Nchi yenyewe inaitwa Ukilini, na wengi wetu tunaishi nayo bila kuijua.

Sijapata kuona watu wakarimu kama wa Ukilini. Nilipofika, mwanamke mmoja alinipokea mkoba kabla sijaomba, mwingine akasogea mkekani kunipa nafasi palipo na kivuli, wa tatu akaniuliza kama magoti yananiuma. Yalikuwa yananiuma. Huyo wa tatu alikuwa Bi Sikudhani, mjane wa umri wangu, na ndiye aliyenichukua nyumbani kwake nikakaa naye siku zote.

Nyumba za Ukilini hazijengwi kwa ramani. Kila nyumba ina chumba cha ndani, na ndani yake zimetundikwa kili mbili, yaani mikanda mirefu iliyosukwa kama ya mikeka, moja ya upande wa baba na moja ya upande wa mama. Mimi nimesuka mikeka tangu sijaolewa, kwa hiyo nilizielewa mara moja. Ukili wao umesukwa kwa chane nyembamba za ukindu za rangi nne, na rangi hizo zina wenzao: nyekundu hukaa mkabala na nyeupe, nyeusi hukaa mkabala na njano, daima. Ni mrefu, ukikunjuliwa unazunguka mtaa mara mbili. Fundi huingia, akapitisha vidole juu yake, akasoma chane tatu tatu: hizi tatu zinasema mlango, hizi dirisha, hizi mfereji wa maji machafu upite huku. Nyumba ikizeeka ikaanguka, ya jirani huzaa nyingine mahali pake. Ukili unapasuliwa katikati kwa urefu, na kila upande unasukiwa mwenzake upya. Ukiwa na upande mmoja, wa pili unaujua bila kuuliza.

Chane hizo hupangwa kwa mafungu, na linaloheshimiwa kuliko yote ni fungu la Basi. Ndilo linalomwambia fundi kwamba vyumba vimetosha, aweke zana chini, akanawe mikono, akale.

Bi Sikudhani kazi yake ilikuwa viraka. Aliitwa kila nyumba ya mtaa ule kila chane ilipokatika au kuchafuka. Alikuwa akikata kipande kibovu, anatazama upande wa pili umesema nini, kisha anasuka kipande kipya kinacholingana. Alifanya hivyo mara nyingi kwa siku, bila kuimba wala kulalamika, na kabla ya kuondoka aliusawazisha ukili kwa kiganja kama mtu anayemfunika mtoto. Siku ya pili alinipa kisu chake kidogo nimsaidie. Nilijua hapo kwamba amenipenda.

Sasa nieleze kuhusu ubani mweusi.

Ukilini wanachemsha mafuta ya taa katika masufuria makubwa. Masizi yanayobaki wanayakwangua, wanayachanganya na asali ya tende, wanayafanya vidonge. Hivyo ndivyo ubani mweusi. Harufu yake ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mgeni akija hufukiziwa. Mimi nilifukiziwa mpaka kanga yangu ikawa nzito. Lakini heshima kubwa zaidi wanaupa ukili wenyewe. Kila Ijumaa wanaingia chumba cha ndani na chetezo, wanaufukiza kwa mapenzi, wanaukunjua kidogo ili moshi uingie vizuri.

Halafu huja wafagizi, kwa kuwa sheria yao ya usafi ni kali. Masizi makavu hulala ukutani tu kama vumbi. Lakini sheria inataka yaondoke siku ileile, na maji peke yake hayayatoi. Kwa hiyo wafagizi huyaosha kwa siki. Mengi huyeyuka yakaenda na mfereji. Yanayobaki, yakishaguswa na siki, hunata kama ulimbo, yakashika kitu cha kwanza yanachokutana nacho. Na katika chumba cha ndani hakuna kitu kingine isipokuwa ukili.

Nilimuuliza mfagizi wa mtaa, mzee mmoja aitwaye Faki, kama hajaliona jambo hili.

"Nimeliona, bibi."

"Sasa?"

"Sasa nisipoosha wataniita mchafu."

"Na wakiacha kufukiza?"

Alinitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama wajukuu wangu wakiuliza kwa nini usiku hauji mchana. "Bibi, tukiacha kufukiza, ukili utadhani tumeusahau."

Kila asubuhi Bi Sikudhani alipika uji wa mtama na kuupeleka kwa Bwana Kombo, mzee wa mtaa ule, na siku ya nne akanichukua. Nyumba ya Bwana Kombo ilikuwa na ubao mlangoni ulioandikwa na Baraza la Ukilini: NYUMBA YENYE BIDII. Tuliingia, tukapita chumba, kikatupeleka kwenye chumba, kikatupeleka kwenye chumba. Vingine havikuwa na dirisha. Kimoja kilikuwa na milango mitano na hakina sakafu, tukakizunguka.

"Hodi!" akaita Bi Sikudhani.

"Nani?" sauti ikajibu kwa mbali.

"Sikudhani, na mgeni."

"Mmefika chumba cha ngapi?"

"Cha kumi na saba."

"Bado. Njooni na upande wa kushoto, mkiona ngazi isiyokwenda popote, geukeni."

Tulimkuta amekaa kwenye ujia mwembamba, amevaa kanzu safi, amejifunika shuka. Alinipa mkono kwa mikono yake yote miwili. Aliniambia kwamba zamani jiko lake lilikuwa na dirisha la kutazama barabarani, na alikuwa akiwajua wapita njia kwa viatu vyao. Sasa jiko hajui liko wapi.

Juu ya vichwa vyetu fundi alikuwa akigonga misumari. Bwana Kombo akamwita. "Fundi, unajenga nini hapo?"

"Chumba, bwana."

"Cha nani?"

"Sijui, bwana. Sijaambiwa basi."

Fungu la Basi la nyumba ile lilikuwa limeharibika katika kili zote mbili, moja kwa panya na moja kwa donge la masizi, miaka ishirini kabla. Nyumba ilikuwa imevuta mfereji wa maji ya mtaa kuja kwake, na nyumba saba za jirani zilikuwa zimekauka. Wiki ile walikuwa wameokota chumba chake kimoja mtaa wa tatu, nyuma ya shule, kinakua peke yake. Na Baraza, lililopenda sana ujenzi, lilikuwa limempa tuzo.

Nilimlisha Bwana Kombo uji kwa kijiko maana mikono yake ilitetemeka. Nilimkumbuka Mwanamvua, ambaye miezi ya mwisho watu walimwambia amenenepa tumboni, wakidhani wanamsifu.

Bi Sikudhani alikuwa na binti mmoja, Mkasi. Alikuwa ameolewa na amekaa miaka minne kwenye chumba cha kupita, nyumbani kwa mama mkwe wake, amening'iniza pazia akaliita ukuta. Kando ya nyumba ya mama yake palikuwa na kiwanja kitupu, na Jumamosi ile nyumba ya Bi Sikudhani ilikuwa izae nyumba ya Mkasi. Wageni walikwisha alikwa. Mchele ulikwisha chambuliwa. Mkasi mwenyewe alikuwa amepita mara tatu kupima kwa hatua mahali atakapoweka kitanda.

Alhamisi, Bi Sikudhani akaniambia, akiona haya, "Shoga, mimi nimeshona viraka vya mtaa mzima, ukili wangu sijautazama miaka miwili. Hebu nisaidie tupitie kabla ya Jumamosi."

Macho yangu hayaoni vizuri karibu, nilikuwa natumia vidole. Tulianza asubuhi. Tulikuta uchafu kidogo hapa na pale, tukakata, tukatia viraka. Mchana nikafika fungu la Basi la ukili wa mama, na kidole changu kikakwama.

"Dada, njoo."

Lilikuwa donge, gumu, dogo kama mbegu ya ufuta. Bi Sikudhani akalikwangua kwa ncha ya kisu. Chini yake chane haikujulikana tena kama ilikuwa nyekundu au njano. Akageuza atazame mwenzake wa upande wa pili. Donge jingine, mahali palepale. Ukili wa baba, kwenye fungu hilo, ulikuwa na shimo la panya tangu enzi za marehemu mumewe.

Alikaa chini. Nikamshika mkono.

"Hakuna pa kutazamia," akasema mwishowe. "Nikitia kiraka hapa, nitakuwa nakisia."

"Na ukikosea?"

"Nyumba hii itakuwa ya Kombo. Na ya Mkasi itazaliwa nayo."

Kwa kuwa sherehe ilikwisha tangazwa, ilibidi jambo lipelekwe kwa Baraza. Ijumaa tulikwenda. Mkaguzi Mkuu alikuwa Bwana Shaame, mtu laini, aliyenipa mto wake mwenyewe nikalie na akaagiza chai kabla ya kuuliza kisa. Aliwaita wote waliohusika.

Bwana Mcha, mtengenezaji wa ubani, alikuja na kidonge mkononi. "Waheshimiwa, ubani wangu haujasuka ukili hata mmoja tangu uumbwe. Unanukia tu. Kunukia ni kosa?"

Mzee Faki akasema, "Mimi niliosha. Kuosha ni sheria."

Msusi wa Baraza, mwanamke mwenye vidole vyepesi, akasema, "Mimi nikifika penye doa nasuka ninachokiona. Nikiona njano, nitaweka nyeusi. Sikufundishwa kubishana na chane."

Bwana Shaame akaitikia kwa kichwa kwa furaha. "Wote mmesema kweli. Nami nimefarijika, maana sipendi kumtia mtu hatiani." Kisha akatusomea Sheria ya Siku Moja. Kwa sheria hiyo kitu hakiwezi kuitwa sababu ya madhara mpaka madhara yaonekane siku ileile. Masizi ya donge lile yaliingia miaka iliyopita. Nyumba leo imesimama wima. Kwa hiyo, akasema, hapajatokea jambo.

Nikaomba ruhusa ya kusema. "Bwana Mkaguzi, na nyumba ya Bwana Kombo iliharibika lini?"

"Haijaharibika, bibi. Imepewa tuzo."

Mjumbe mmoja, mzee mwenye sauti nene, akainuka. "Hivi tunazungumzia chane ngapi? Ukili una maelfu kwa maelfu, na huyu mama anatulilia chane moja! Mimi kofia yangu ina uzi mmoja umetoka, je, nitembee kichwa wazi?"

Watu wakacheka, hata Bi Sikudhani akacheka, maana kofia yenyewe ilikuwa imefumuka nusu.

Wakajadili mpaka chai ikapoa, wakafikia uamuzi: uzazi uendelee, kwa kuwa wageni wamealikwa, na mahali pale patiwe kiraka cha kukisia kwa heshima. Hilo linaruhusiwa na sheria. Fundi anafumba macho, anasema "inshallah," na anaweka rangi inayomjia.

Jumamosi asubuhi watu walikuja wamevaa vizuri. Ngoma ziliwekwa juani zikaze. Msusi wa Baraza akaja na kisu cha kupasulia ukili. Alipofika mlango wa chumba cha ndani alisimama, kwa kuwa Bi Sikudhani alikuwa amekaa kwenye kizingiti.

Hii ni desturi ya kale ya Ukilini. Mtu akikaa kwenye kizingiti cha chumba cha ndani, uzazi husimama, na hakuna anayeruhusiwa kumruka, hata Mkaguzi Mkuu. Zamani kila nyumba ilikuwa na mkaaji wake. Siku hizi imeachwa kwa sababu inaonekana ni kuwavunjia wageni adabu.

Mkasi akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina vitunguu. "Mama! Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Mama, watu wameshavaa!"

"Wavue."

"Wali uko motoni!"

"Wali utaliwa. Kwani wali una kosa gani?"

Mkasi akapiga magoti mbele yake. "Miaka minne, mama. Miaka minne nalala nyuma ya pazia, nasikia mama mkwe wangu akigeuka kitandani. Kwa chane moja? Baraza zima limesema ni ndogo. Wewe peke yako ndiye unayejua?"

"Sijui, mwanangu. Hapo ndipo penye shida. Sijui, na wao hawajui, ila wao hawaoni haya kukisia."

"Labda kitakuwa sawa!"

"Labda. Nenda kamuulize Bwana Kombo maana ya labda. Ukifika chumba cha kumi na saba, piga hodi."

Mkasi akalia kwa hasira, si kwa huzuni. Akamwambia mama yake maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa alikwisha yaombea radhi. Bi Sikudhani aliyasikiliza yote hajainuka. Alipomaliza, alimfuta machozi kwa ncha ya kanga, na vitunguu vikamfanya alie zaidi, na wote wawili wakaanza kucheka bila kutaka.

"Basi unataka nini, mama?" Mkasi akauliza. "Utakaa hapo mpaka lini?"

Bi Sikudhani alitazama dari ya nyumba yake. Aliolewa humo. Mumewe alifia chumba cha pili. Kisha akasema taratibu, lakini watu wote ukumbini walisikia, "Nitaivunja."

Nyumba isiyotibika, Ukilini, huvunjwa kwa heshima. Hilo nalo ni desturi ya kale, nayo pia ilikuwa imeanza kusahauliwa. Mwenye nyumba huanza. Bi Sikudhani akainuka, nikamshika kiwiko, akang'oa mwenyewe mlango wa chumba cha ndani. Akazitungua kili zote mbili na kuzikatakata vipande vifupi, vilivyo sawa, asije mtu akasoma tena.

Kisha majirani wakaja, katika nguo zao za sherehe. Hakuna aliyewaita. Walikunja makuti ndani kwa ndani ili vumbi lisiingie ua wa mtu. Madirisha mawili yalikwenda kwenye nyumba iliyokuwa imekauka. Boriti zilikwenda kwa wajukuu wa Mzee Faki. Mitungi ilibebwa imejaa, maji hayakumwagika. Bwana Shaame alikuja pia, yeye aliyeamua vingine jana yake; alivua viatu, akabeba jiwe la kusagia peke yake mpaka mwisho wa mtaa na kurudi anahema. Wali uliliwa kiwanjani, watu wamekaa juu ya milango. Adhuhuri palikuwa peupe, pamefagiliwa, kama hapajawahi kuwa na nyumba.

Mkasi alikaa pembeni ameshika pazia lake. Alikuwa amekuja nalo asubuhi alitupe.

Hapo akaja Bi Time, jirani wa upande wa pili. Huyu kifua chake hakikubali moshi, hivyo hajapata kufukiza nyumba yake hata siku moja, na kwa sababu hiyo mtaa ulimhesabu kuwa mkavu wa adabu. Wageni walikuwa hawakai kwake muda mrefu.

"Sikudhani," akasema, na alionekana anaona aibu, "ukili wangu si mzuri kama wako ulivyokuwa. Hauna harufu. Lakini nadhani ni mzima. Kama hamtaona vibaya, nyumba yangu inaweza kuzaa hapa. Mnaweza kukaa wote, mama na binti."

Bi Sikudhani alimsogelea. Alimshika Bi Time kichwa, akambusu kwenye paji la uso.

Tuliupitia ukili wa Bi Time siku tatu, kili zote mbili, kila fungu. La Basi tulilipitia mara nne, mimi kwa vidole na Bi Sikudhani kwa macho, kisha tukabadilishana. Lilikuwa safi. Siku ya nne msusi wa Baraza aliupasua, na Bi Sikudhani akamwomba aturuhusu kusuka wenyewe. Msusi alikaa karibu nasi, akatuchania chane, akawa anauliza hili na lile kuhusu donge, sauti yake ya chini.

Mimi nilishika ncha moja, Mkasi ncha nyingine. Alikuwa na haraka, kwa kuwa mumewe alikuwa amesimama kiwanjani tayari na mafundi. Alisuka vizuri: nyekundu na nyeupe, nyeusi na njano. Tukafika fungu la Basi. Nikaona amesita. Akarudisha kidole nyuma, akapapasa, akaanza kufumua chane sita alizokwisha zifunga.

"Mwanangu, zilikuwa sawa hizo," nikamwambia.

"Nadhani zilikuwa sawa, bibi," akasema, bado anafumua.

Kiwanjani mafundi waliuliza kama waanze. Bi Sikudhani akawaambia wakae, wanywe maji, na Mkasi akaanza tena, chane moja moja.